Chombo cha angani kilichobanduka rangi: uchambuzi wa kisa kimoja cha modeli ya takataka

Kisa chenyewe kiko hivi. Kijana mmoja katengeneza modeli ya chombo cha angani cha kubeba mizigo, urefu kama sentimita 60, na kila kitu kimetoka kwenye takataka za ndani. Mwili ni chupa mbili za shampuu zilizounganishwa kitako kwa kitako, juu yake kuna gia za printa mbovu, batani za kibodi, vifuniko vya kalamu, vipande vya rimoti, waya za chaja zimepitishwa ubavuni kama mabomba, na nyuma kuna injini nne alizozichonga kwenye lile povu jeupe gumu linalokujaga ndani ya boksi la TV. Mkono wake ni mzuri, mpangilio una akili, unaona kabisa mtu alikaa akafikiria huyu rubani anakaa wapi na mzigo unaingilia wapi. Akamaliza, akapuliza rangi ya kijivu ya kopo, ikakauka, akakiweka kwenye shelfu.

Injini ziliharibika hapo hapo wakati wa kupuliza, povu likaliwa na rangi likabaki na mashimo. Baadaye rangi ya mwili ikaanza kubanduka, yaani unagusa na kucha inatoka kipande kizima kama karatasi ya plasta. Gia zikaanza kudondoka moja moja bila kuguswa na mtu. Yale mabomba ya waya yakawa yananata na vumbi likagandia humo. Afu kuna hili la tano ambalo yeye ndo lilimuuma kuliko yote, kwamba kila aliyekiona alisema kitu kimoja, "hii si chupa ya shampuu?"

Akaja kwangu na swali moja, kwamba anunue rangi gani iliyo bora zaidi.

Mimi nasema rangi haikuwa na kosa lolote kwenye kisa hiki, na hata angenunua rangi ya bei kubwa kuliko zote mambo yangekuwa yale yale. Nimeona nikichambue chombo chake kipande kwa kipande kwa sababu watu wengi wanaoanza hii kazi wanakwama sehemu hizo hizo na wanaishia kulaumu kopo. Taka yoyote kabla haijaguswa na gundi ina maswali mawili ya kujibu: we ni plastiki gani, na mtu akikuona atakujua? Kijana alikusanya vitu kwa kuangalia umbo tu. Umbo zuri, anaweka boksini. Yale maswali mawili hayakuulizwa.

Tuanze na chupa maana ndo imebeba kila kitu.

Chupa nyingi za shampuu ni polithini ngumu, ukigeuza chini unakuta pembetatu yenye namba 2 ndani. Vifuniko vyake mara nyingi ni namba 5, polipropilini. Hizi plastiki mbili ni ndugu, na tabia yao ni kwamba hazipendi kushikwa na kitu chochote, ndo maana zinatengenezewa chupa na makopo, shampuu haing'ang'anii ukutani na kemikali haziziingii. Rangi ili ishike inatakiwa itandae ikumbatie uso wa kitu, sasa uso wa polithini nguvu yake ya kuvuta kimiminika ni ndogo, rangi inakaa juu juu tu inakauka ikiwa imelala pale kama mgeni, haijaingia popote. Supa gluu nayo ni hivyo hivyo, inashika leo, kesho ukipinda kidogo inaachia ikiwa safi kabisa. Ongeza na kwamba shampuu nyingi zina silikoni ndani yake, na silikoni ikibaki hata utando mwembamba basi rangi inakimbia inaacha vidoa vidoa vya duara. Kijana aliisuuza chupa kwa maji tu. Hata angeisugua kwa sabuni ya vyombo na mswaki, kitu ambacho ni lazima ufanye kwa kila taka inayotoka bafuni au jikoni, bado angebaki na tatizo la plastiki yenyewe.

Namba za kwenye pembetatu zimekuwepo tangu 1988, zilianzia Marekani kwa ajili ya watu wa kurejeleza plastiki, na kwa sisi tunaojenga ni zawadi kubwa. Namba 6 ni polistirini, hiyo ndo jamaa yetu wa karibu kuliko wote kwa sababu modeli za viwandani zinazouzwa kwenye maboksi nazo ni polistirini, inashika gundi, inashika rangi, inakatika kwa wembe vizuri. Namba 1 na 3 zinakubali supa gluu na rangi ukizikwaruza kidogo na msasa. Namba 2, 4 na 5 ndo za kuogopa. Namba 7 ni mchanganyiko wa kila kitu kilichobaki, hapo inabidi ujaribu.

Sasa vipande vidogo havina namba. Kifuniko cha kalamu utakijuaje? Chukua bakuli la maji, tia tone la sabuni ili viputo visishikilie kipande, kizamishe kwa kidole afu kiachie. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. Polistirini, ABS (plastiki ngumu ya magamba ya vifaa vya umeme), PVC (ndo ile namba 3) na ile ya chupa za maji (namba 1) zote zinazama. Povu usilihesabu maana limejaa hewa, na kitu chenye chuma ndani pia usikihesabu. Jaribio lenyewe halichukui muda na lingemuonyesha kwamba karibu nusu ya alivyobandika vilikuwa vya kuelea. Kuna watu wanakwambia choma kipande uone moshi unavyonuka, tafadhali usifanye hivyo, PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi na huna sababu ya kuivuta kifuani kwako kwa ajili ya kifuniko cha kalamu.

Ila lile bakuli nalo lina pale linapodanganya, na hapo ndo tunafika kwenye gia.

Gia zake zilizama zote. Kwa hiyo kwa jaribio la maji zingepita, angezibandika kwa kujiamini, na bado zingedondoka. Zile gia nyeupe za printa, zenye utelezi fulani mkononi kama zimepakwa nta, nyingi ni plastiki inayoitwa POM, asetali. Ni nzito kuliko maji kwa mbali, ni ngumu, inateleza yenyewe bila mafuta, na ndo maana wanaitumia kwenye gia. Kinachoifanya gia bora kwenye printa ndo kinachoifanya mzigo kwenye modeli, maana gundi za kawaida hazishiki pale. Ukiangalia kwa makini sehemu kubwa za mashine utakuta maandishi madogo yaliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, kati ya mishale miwili, kwa mfano >POM< au >ABS< au >PS-HI<, hayo maandishi yasome kabla ya kitu kingine chochote.

Gia ya POM haibandikwi, inafungwa. Unatoboa katikati, unapitisha waya wa shaba au skrubu ndogo hadi ndani ya mwili, unakaza. Au unaibana kati ya vipande viwili vinavyoshika gundi, yenyewe ikae tu pale haina pa kwenda. Rangi juu yake itakuwa dhaifu daima, lakini kama iko ndani ya shimo ambako vidole havifiki haina shida.

Sasa kuna jambo nililomuuliza ambalo naona ndo kiini cha kisa chote upande wa vifaa. Ile printa baada ya kutoa gia, gamba lake ulipeleka wapi? Akasema kalitupa.

Hapo nilisikitika kwa kweli. Gamba la printa kwa kawaida ni ABS au polistirini iliyoimarishwa (ndo hiyo PS-HI), maeneo mapana yaliyonyooka, unene wa milimita mbili hadi tatu, kona zenye mviringo safi, matundu ya hewa yaliyopangiliwa kwa mashine, na ndani yake kuna mbavu na nguzo za skrubu ambazo ukizikata vizuri ni ukuta wa chumba cha mizigo ambao hakuna mtu angeweza kuuchonga kwa mkono. Inakubali gundi ya modeli, ile inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. ABS inayeyuka hata kwa asetoni, ukichukua chenga zake ukaziweka kwenye kichupa cha glasi na asetoni kidogo zinakuwa uji mzito wa kuzibia mianya, na ukikauka ni plastiki ile ile. Fanya dirisha likiwa wazi na mbali na moto. Yani huyu kijana alishika mgodi mkononi, akachukua mawe ya kung'aa akaacha dhahabu. Gia zina sura ya mashine ndo maana zinavutia, gamba halina sura ndo maana linatupwa, lakini kisicho na sura ndo kinakubali kupewa sura.

Mabomba nitayapitia haraka. Ganda laini la waya wa chaja mara nyingi ni PVC iliyotiwa kilainishi, na kile kilainishi hakitulii, kinatoka taratibu kwenda kwenye rangi na kuifanya inate, na kikilala juu ya polistirini kwa muda kinaweza kuilainisha mpaka iache alama. Hakuna rangi inayozuia hilo kwa uhakika. Vua ganda, tumia shaba ya ndani, inapindika vizuri na inakaa ulivyoipinda. Waya mnene wa gitaa uliokatika, ule uliozungushiwa waya mwingine, unatoa bomba lenye mikunjo ambalo kwa macho ni sahihi kabisa.

Povu nalo ni polistirini iliyopulizwa hewa, na rangi za kopo zina viyeyushi vinavyoila. Ukitaka kulitumia lazima ulifunike kwanza kwa makoti kadhaa ya gundi nyeupe ya mbao, likauke kila koti, hakikisha hamna hata kitundu cha sindano, afu upake rangi ya maji. Mi binafsi kwa injini nisingelitumia. Tochi mbovu za LED zina kile kikombe cha kuakisi mwanga, tayari kina umbo la mdomo wa injini, tayari kinang'aa ndani, unapaka nje tu. Alikuwa nazo tatu kwenye droo, ya nne akaipata baadaye.

Kabla sijaendelea, kwenye boksi lake la akiba kulikuwa na kamera ndogo ya zamani yenye flashi, alikuwa anapanga kuifungua. Hiyo hapana. Kapasita ya flashi inabeba kama volti 300 na inaweza kubaki na chaji muda mrefu betri ikiwa imeshatolewa, ikikupiga ni hatari ya kweli. Oveni ya maikrowevu ni mbaya zaidi, kapasita yake inafanya kazi kwenye maelfu ya volti, na hiyo usiifungue hata kama umbo la kilichomo ndani umeliota usiku. Betri za simu zilizovimba pia ziache, na printa za tona zina unga mweusi mwembamba usiotakiwa mapafuni. Printa za wino hazina unga huo, toa tu umeme na kunawa mikono ukimaliza.

Haya, sasa lile la tano. "Hii si chupa ya shampuu?"

Hili ni gumu zaidi kwa sababu unaweza ukajibu swali la plastiki vizuri kabisa, rangi ikashika miaka, na bado ukawa na chupa ya shampuu yenye rangi ya kijivu. Na huwezi kumwambia mtazamaji asione anachokiona. Jicho likishatambua kitu kimoja tu, chombo chote kinarudi kuwa cha sentimita 60, maana kila mtu anajua chupa ya shampuu ina ukubwa gani. Kila ulichokijenga cha ukubwa kinakufa hapo.

Watu huleta hoja ya filamu, kwamba mbona mafundi wa sinema walitumia taka na hakuna aliyeshtuka. Kweli walitumia. Kwenye Star Wars kichwa cha roboti IG-88 ni chemba ya moto iliyotoka kwenye injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, na chemba za aina hiyo zilishaonekana kwenye baa ya filamu ya 1977 zikiwa vyombo vya vinywaji, roboti mwenyewe alikuja 1980. Kile kipande cha mkononi cha kuwasiliana kwenye filamu ya 1999 kilitokana na wembe wa kunyolea wa wanawake wa Gillette. Vyombo vyenyewe vya 1977 vilifunikwa na vipande kutoka kwenye maboksi ya modeli za vifaru, meli na ndege.

Ila angalia walichofanya kwenye ule wembe. Hawakuupaka rangi wakauweka mkononi mwa mwigizaji, waliutolea nakala kwa rezini, yaani plastiki ya kimiminika inayomiminwa ikagandia, kwa hiyo mpira, chuma na plastiki vyote vikawa kitu kimoja cha aina moja, rangi ikashika sawasawa kila mahali, ndo ukaongezewa vitu. Na kwenye skrini unaonekana sekunde chache. Hata hivyo watu waliutambua. Ile chemba ya injini ya ndege haikutambuliwa na watazamaji wengi kwa sababu ni wangapi walishaona ndani ya injini ya Derwent? Na vipande vya vifaru vilifanya kazi kwa sababu tayari vilikuwa vidogo kwa makusudi, kifaru kilichopunguzwa mara 35 kina boliti na vishikio vilivyopunguzwa mara 35, kwa hiyo ukiviweka kwenye chombo cha angani vinaleta udogo wao pale. Gia ya printa haijapunguzwa na mtu. Ina ukubwa wake halisi na inautangaza.

Kwa hiyo modeli ya shelfuni ina kazi ngumu kuliko ya filamu. Hapa mtu anasogea, anainama, anaangalia kwa dakika nzima kutoka umbali wa kiganja.

Cha kwanza nilichomwomba ni achague skeli, yaani chombo kimepunguzwa mara ngapi kutoka ukubwa wake halisi, maana chombo chake kilikuwa na skeli tatu zinagombana. Batani za kibodi alizifanya milango, batani ina kama milimita 18, sasa mlango wa mita 2 ukiwa milimita 18 maana yake skeli ni kama 1/110. Pembeni yake madirisha aliyoyatoboa kwa sindano, milimita moja, kwa skeli hiyo ni sentimita 11, dirisha la kutoa pua. Na juu kasimamisha mwanajeshi wa kuchezea wa sentimita 5 na kitu, huyo ni wa skeli ya 1/32. Ubongo wa mtazamaji unapima hivi vitu bila yeye kujua, ukikuta havikubaliani unakata tamaa na kurudi kwenye kile unachokijua, chupa.

Tukakaa kwenye 1/144. Ni skeli ya kawaida kwa modeli za ndege kubwa, na kwa chombo cha sentimita 60 inatoa urefu wa karibu mita 86, kwa meli ya mizigo inakubalika kabisa. Hapo mtu ni milimita 12, mlango 14, kishikio cha ngazi cha mita 1.1 kinakuwa milimita 7 na nusu, vipandio vya ngazi vinaachana kwa milimita 2. Mwanajeshi akaondoka. Milango ikakatwa upya. Reli ndogo za milimita 7 zikawekwa sehemu mbili tu, karibu na mlango na juu karibu na rubani, kwa sababu reli ndo kitu kinachomwambia mtu hapa kuna binadamu wanatembea, na mbili zinatosha.

Kisha tukaja kwenye utambulikaji. Chupa inajulikana kwa vitu vichache sana: uzi wa shingoni pale kifuniko kinapozungushwa, mabega yanayoteremka, kitako chenye kishimo, na mstari wa mshono ulioachwa na kalibu ya kiwandani ubavuni. Shingo ikakatwa. Kitako kilichokuwa katikati kikafichwa ndani ya mkanda mpana uliotoka kwenye gamba la printa nyingine, maana mara hii alitafuta gamba. Mabega yakageuka kuwa nyuma, na injini zikakaa hapo, hivyo umbo lililokuwa linateremka kuelekea kifuniko sasa linateremka kuelekea moto.

Ila jambo kubwa ni kwamba chupa iliacha kuwa ngozi ikawa mifupa. Hatukupaka tena rangi juu ya polithini, hatukubandika tena kitu juu yake. Tulivalisha chupa nzima bamba za plastiki zinazoshika gundi zenyewe kwa zenyewe, zikaizunguka kama pipa linavyofungwa na mikanda, na mahali pachache zikashikwa na skrubu ndogo zinazoingia kwenye chupa. Bamba zenyewe nyingi ni kadi za plastiki zilizoisha muda. Kadi hizo unene wake ni milimita 0.76 duniani kote kwa sababu vipimo vyake ni vya kimataifa, nyingi ni PVC, zinakatika kwa kukwaruza na wembe afu unavunja. Zisugue kwa msasa wa 400 mpaka maandishi na ule mng'ao vitoke, na kama ni ya benki kata kata ile sehemu ya chipu na namba uitupe mbali. Kwa njia hii yale maswali mawili yanajibiwa kwa pamoja, plastiki ya nje inashika rangi, na umbo la nje halina tena mkunjo hata mmoja ambao mtu anaukumbuka kutoka bafuni.

Vile vipande vidogo kila kimoja kilipita kwenye kanuni nyingine, kwamba hakuna kitu kinachowekwa kama kilivyozaliwa. Batani ya kibodi ukiigeuza chini juu ina nguzo na mbavu ndani, hiyo ni hatchi, yaani mlango mdogo wa kufunika tundu, haina herufi wala mdomo wa kidole. Kifuniko cha kalamu ukikikata mshazari kinapoteza ile klipu ya mfukoni inayomsaliti. Kipande kimoja cha ajabu kikiwa peke yake ni taka, vikiwa viwili vinavyotazamana kulia na kushoto ni mtambo. Na alikuwa ametawanya vipande kila mahali kwa usawa, chombo kizima kinapiga kelele, hakuna pa jicho kupumzika. Tukakusanya vitu kwenye mifereji mitatu, ubavu wa kushoto, wa kulia na tumboni, sehemu iliyobaki ikaachwa tambarare na mistari ya paneli tu, ile ya maungio ya bamba. Nusu ya vitu vyake vilirudi boksini. Alilalamika. Lakini chombo kikakua ghafla, kikawa na uzito, maana uso mkubwa mtupu karibu na mfereji uliojaa ndo unaomwambia mtu kwamba huu ukuta ni mkubwa kweli.

Rangi ikaja mwisho, na ni ile ile ya kopo aliyokuwa nayo. Kwanza praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi inayotangulia, makoti mawili membamba, hii praima inafanya kazi ambayo wengi hawaijui, inakuonyesha modeli yako ikiwa rangi moja kwa mara ya kwanza, na kila kipande ambacho bado kinatambulika kitakurukia machoni. Batani moja ilirukia, ikatolewa. Baada ya hapo kijivu chenyewe, kisha paneli chache kwa kijivu kilichopauka kidogo na kingine kilichokolea kidogo, tofauti ndogo mno, unaziba na tepu ya karatasi unapuliza mbali. Baadaye rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia, iliyotiwa maji mengi, inapakwa kwenye mistari na mifereji kisha inafutwa juu, inabaki ndani ya nyufa tu. Usitumie nyeusi tii wala nyeupe safi kwenye kitu kinachotakiwa kuonekana kikubwa, kitu cha mita 86 hukioni kwa weusi na weupe mkali hivyo.

Taa alikuwa nazo, LED nne nyeupe, na umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja nzima ya zamani. LED nyeupe inakula kama volti 3, zinabaki 2, kwa miliampia 20 unahitaji rezista ya omu 100, kila LED na yake. Mi nilimwambia apande hadi 330 au 470 maana kwa miliampia 20 inaunguza macho na injini zinaonekana kama tochi, ambazo ndo zilivyokuwa. Na ukuta mwembamba wa plastiki unapitisha mwanga, kwa hiyo ndani kote kunapakwa rangi nyeusi kabla ya kufunga. Madirisha yashikwe na gundi nyeupe ya mbao, supa gluu inatoa mvuke unaotia ukungu mweupe kwenye plastiki angavu.

Kwenye gia hatukukubaliana mpaka mwisho. Yeye alitaka angalau mbili zionekane kwa kuwa ndo zilizompa wazo la chombo chenyewe. Mi ningezitoa zote, gia yenye meno ni kitu ambacho kila mtu anakijua, na kwenye chombo cha angani haina kazi yoyote nje ya ukuta. Tukafika katikati, zikaingia ndani kabisa ya mfereji wa tumboni zikafungwa na waya wa shaba, na juu yake ukapita mkanda wa bamba unaofunika nusu ya duara, unaona meno machache tu kwenye kivuli.

Na kuna ufa mmoja ulijitokeza baada ya kila kitu kukauka, mwembamba kama unywele, kati ya bamba za mbele na ule mkanda wa katikati, pale alipoziba kwa uji wa ABS. Akaziba tena, ukarudi. Hapa sababu ni joto. Polithini inatanuka na kusinyaa kwa joto zaidi kuliko ABS na PVC, kwa chupa ya sentimita 25 ikipita kwenye tofauti ya nyuzi 20 kati ya mchana wa jua na usiku, zile plastiki mbili zinapishana kwa kama theluthi moja ya milimita, na kizibo kigumu hakiwezi kunyumbuka kiasi hicho. Dawa ni kuacha kushindana nao. Matundu ya skrubu upande mmoja wa kila chupa yakarefushwa yakawa ya mviringo mrefu ili bamba iteleze, uji ukakwanguliwa wote, na ule mwanya ukaachwa wazi, ukanyooshwa kwa wembe kuzunguka mwili mzima ukawa mstari wa paneli kama mingine.